Reale ya Fedha: Mahari Iliyovaliwa Mwilini

Tangu tuanze kushona nguo za harusi za wateja wa Bariadi, swali moja linatujia kila mara: mahari ya fedha ya watu wa pwani ilikuwaje? Wana sababu ya kuuliza. Simiyu ni nchi ya pamba na ng'ombe, na kwa desturi ng'ombe wa mahari huingia zizini kwa baba. Bi harusi akiuliza chake ni kipi, huonekana kawavunjia wazee heshima.

Kwetu Unguja jibu lilikuwa reale. Ni sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, mama wa watoto 16, kajitanda ushungi wa ujane. Alifariki mwaka 1780, lakini wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika walishaizoea sarafu yake, basi Vienna wakaendelea kuipiga kwa tarehe ileile. Ina uzito wa gramu 28, na fedha safi ndani yake ni gramu 23 na kidogo. Watu waliikagua mpaka lulu za kipambo cha begani kabla ya kuipokea. Katika karne ya 19 ilinunua karafuu, pembe za ndovu na, kwa masikitiko, binadamu pia.

Huko Tibet ziliwahi kupigwa sarafu za fedha maalumu za kuwatunuku watawa wa Kibudha. Reale haikupigwa kwa ajili ya zawadi. Wanawake na masonara ndio walioigeuza: iliyeyushwa ikawa mafurungu, kekee na vidani. Mwenye mafurungu yake, shida ikimfika, huyauza kwa uzito bila kumpigia mtu magoti.

Na hapo ndipo mambo yanapokutana na dini. Suratun Nisaa, aya ya 4, inaagiza mahari apewe mwanamke mwenyewe. Bibi Aisha (R.A.) alieleza kuwa mahari ya wake wa Mtume (S.A.W.) ilikuwa dirhamu 500. Hiyo ni karibu kilo moja na nusu ya fedha, sawa na fedha safi ya reale 64 hivi. Hatusemi ng'ombe wasitolewe, dada zetu wa Bariadi. Hiyo ni heshima ya wazee na ina nafasi yake. Ila ng'ombe wa baba hawalipi deni la mahari ya binti, labda binti mwenyewe aridhie.

Reale bado zinauzwa. Muuzaji akikwambia ni ya 1780, usilipie umri, maana zote zimeandikwa hivyo, hata zilizopigwa Roma kuanzia 1935, na London na Bombay baada yake. Lipia fedha. Ipimwe kwa sonara kwanza, halafu idadi na uzito viandikwe kwenye cheti cha ndoa kabla shehe hajafunga kalamu yake.