Feleji inayosafishwa kwa umeme

Hapa Kahawa Sukari, kando ya barabara ya Thika, nondo zimelazwa mbele ya kila jengo linalopanda. Nyingi zimetokana na chuma chakavu, na kwa nguzo ya nyumba zatosha. Ila ndani yake mna chembe za salfa na oksidi, ndogo mno kuonekana. Kwenye gia ya ndege, ufa huanzia papo hapo.

Chuma cha kazi hiyo huyeyushwa mara ya pili. Mchi wa chuma hutumbukizwa ncha ndani ya mavi ya chuma (jina halipendezi, ndilo tulilorithi) yaliyoandaliwa kwa floridi ya kalisi, chokaa na alumina. Umeme ukipita humo, mavi huwaka moto mkali, ncha ikadondoka tone kwa tone. Kila tone likipenya huacha uchafu wake, kisha huganda katika kalibu ya shaba iliyopozwa kwa maji, kuanzia chini kwenda juu. Taasisi ya Paton, Kiev, iliikuza njia hii miaka ya 1950.

Gharama yake ni kubwa. Basi muuza nondo akikwambia zake ni feleji ya namna hiyo, usimwongezee shilingi. Mtake alama ya KEBS.