Tundu la juu lina historia yake

Kimya kimekuwa kirefu, testi zilibana, ila tupo. Leo tuongee historia kidogo, na wala si Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya kitu ambacho wengi wetu humu mabwenini tunakichokonoa kwa peni kila siku: tundu la juu la soketi.

Maana kuna watu wa kozi nyingine hawachoki kutuuliza sisi wa ualimu, eti historia inamsaidia nani? Haya, jibu liko ukutani kwako.

Tuanzie Uingereza. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumba za kule zilitumia plagi za pini za duara, kwa kiwango kinachoitwa BS 546. Zilikuwa na saizi mbalimbali: ampea 2, 5, 15 na 30. Ukihamisha hita kwenda chumba kingine, unakuta plagi haiingii! Halafu zile soketi kubwa kila moja ilitaka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi.

Vita vikaja, mabomu yakabomoa nyumba nyingi. Ikaonekana mapema kwamba vikiisha kutakuwa na ujenzi mkubwa, na shaba ya kutengenezea nyaya ni adimu. Mwaka 1942 Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ikaunda kamati ya watu 20 ipange umeme wa nyumba hizo. Kati ya wote hao mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mkurugenzi wa chama kilichoanzishwa mwaka 1924 kuwafundisha wanawake matumizi ya umeme nyumbani. Ripoti yao ikatoka mwaka 1944, na mwaka 1947 kikatoka kiwango kipya, BS 1363. Ndiyo hii plagi yetu ya pini tatu bapa, ampea 13.

Sasa oneni akili yao. Badala ya kila soketi kuwa na waya wake, walisema waya mmoja uzunguke vyumbani na kurudi ulikotoka, kama duara. Umeme unaifikia soketi kutoka pande mbili, waya unaotumika ni mdogo, na duara zima linalindwa na fyuzi moja ya ampea 30.

Tatizo likaja hapo. Kile kijiwaya cha redio hakiwezi kubeba ampea 30, kitaungua kabla fyuzi ya ukutani haijashtuka. Ndiyo maana wakaweka fyuzi ndogo ndani ya plagi yenyewe. Yaani mlinzi wa waya wa kifaa chako hayuko ukutani, yuko mkononi mwako.

Na lile tundu la juu? Pini ya ethi ni ndefu kuliko wenzake, hivyo inatangulia kuingia na kusukuma vifuniko vinavyoziba yale matundu mawili ya chini yenye umeme. Ripoti ya 1944 ilivitaka vifuniko hivyo waziwazi kwa ajili ya usalama wa watoto wadogo.

Huku kwetu plagi hii ililetwa na Mwingereza aliyetawala Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Majirani zetu Rwanda, Burundi na Kongo walitawaliwa na Mbelgiji, ndiyo maana wao wana plagi za pini mbili za duara. India, iliyopata uhuru mwaka huohuo wa 1947, ilibaki na zile za zamani za Mwingereza. Kwa hiyo soketi ni ramani ya ukoloni, wanajiografia nanyi mchangie hapo!

Sasa kilichonifanya niandike haya. Juzi chumba cha jirani ekstensheni ilianza kunuka. Tulipofungua plagi, mahali pa fyuzi tukakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mwenyewe akajitetea, "Kaka, fyuzi zilikuwa zinaungua kila siku." Tukapiga hesabu: birika wati 2000, jiko wati 1000, pasi wati 1000, jumla 4000. Gawa kwa volti 230 unapata zaidi ya ampea 17. Fyuzi ya 13 ilikuwa na haki ya kuungua! Na breka ya ukutani ya ampea 30 haioni shida yoyote kwenye 17, inakaa kimya wakati waya unajipika chini ya godoro.

Pia tusidanganyane, fyuzi inalinda waya, haikulindi wewe. Chini ya ampea moja inatosha kuua mtu. Wewe unalindwa na ethi, pamoja na ile swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30, kama jengo lenu linayo. Chaja ya pini mbili uliyoilazimisha kwa peni inaacha vile vifuniko wazi, na wengine mnapokea wadogo zenu wikiendi.

Kwa hiyo leo usiku kabla ya kulala, chomoa ekstensheni yako uifungue plagi. Ukikuta waya, msumari au karatasi, toa, kanunue fyuzi ya kweli. Na adapta ya pini tatu inauzwa dukani, achaneni na peni.

Wenye nyongeza mnakaribishwa. Tuko pamoja.