Misungwi: mji uliokuzwa na barabara, reli na pamba

Misungwi ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga, takriban kilomita 45 kusini mwa jiji la Mwanza. Ndio makao makuu ya Wilaya ya Misungwi, iliyomegwa kutoka Kwimba mwaka 1995. Wilaya inapakana na Nyamagana na Magu upande wa kaskazini, Kwimba mashariki na Mkoa wa Shinyanga kusini. Magharibi iko Ghuba ya Mwanza, mkono mwembamba wa Ziwa Victoria unaoitenganisha na Sengerema. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 351,607 wilayani, wengi wao Wasukuma.

Ni nchi ya vilima vya mawe makubwa na mabonde mapana. Mkulima wa Kisukuma huisoma ardhi hiyo kwa kuangalia udongo kuanzia juu hadi chini. Luseni, udongo mwepesi wa kichanga ulio karibu na vilima, hufaa mihogo na viazi vitamu. Itogolo, udongo mgumu wa chini yake, husimamisha maji, na huko ndiko hutengenezwa majaluba ya mpunga. Bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Viazi vinavyozidi hukatwa vipande na kuanikwa juani kuwa michembe, akiba ya miezi ya njaa.

Ghuba iliwaleta wageni mapema. Mwaka 1858 John Hanning Speke, akitokea Tabora, aliifuata kutoka kusini hadi akaliona ziwa lenyewe tarehe 3 Agosti. Mwaka 1883 Mapadri Weupe waliokuwa wameondoka Buganda walifungua misheni Bukumbi, kwenye ufuko wa ghuba. Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia kusini mwa ziwa, na hatimaye akapata hifadhi kwa mapadri hao kabla ya kurudi kukipigania kiti chake. Hivyo Bukumbi ina nafasi katika historia ya Kanisa na ya siasa za Uganda pia.

Wakati wa utawala wa Waingereza, reli ya Tabora–Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikipita Fela, wilayani humu. Almasi zilichimbwa Mabuki kabla John Williamson hajagundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Lakini kilichobadilisha maisha ya wengi ni pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichojengeka katika miaka ya 1930, kilizalisha mbegu zenye herufi UK, kama UK 77, UK 82 na UK 91, ambazo zilipandwa katika kanda nzima ya ziwa. Watafiti wake pia walihimiza kulima kwa matuta yaliyozibwa katikati ili maji ya mvua yasipotee. Wakulima nao, wakiwa wamechoshwa na mizani ya udanganyifu ya wafanyabiashara, walijiunga katika ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria.

Mji wenyewe una Chuo cha Maendeleo ya Jamii na Shule ya Msingi Mitindo, inayowalea watoto wasioona na wenye ualbino. Shule hiyo ilikuwa kimbilio kwa watoto wengi wenye ualbino wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa kanda ya ziwa.

Nafasi ya Misungwi kama njia ya kupitia imezidi kuimarika. Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka Fela jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, yenye kilomita 341. Tarehe 19 Juni 2025 alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kati ya Kigongo na Busisi. Tangu hapo magari ya Sengerema, Geita na Bukoba huvuka ghuba bila kusubiri kivuko.