Ekspanda haipanui: kisanduku cha redio na jina linalokifaa

Toyota Premio iliyotoka Japani ikiwashwa kwa mara ya kwanza kwenye bondi ya magari kule Nakawa, Kampala, humpa mnunuzi habari mbili. Ya kwanza hutamkwa waziwazi na sauti ya mwanamke, kwa Kijapani: kadi ya ETC haijachomekwa. Kadi hiyo ni ya kulipia barabara kuu za Japani. Hapa Kampala kadi hiyo haina kazi. Habari ya pili huja kwa ukimya. Mnunuzi anaitafuta Radio Simba, 97.3. Namba kwenye redio zinapanda, 88, 89, 90, kisha zinaruka hadi 76 na kuanza upya. Simba haipo. Capital FM ya 91.3 haipo. BBC ya 101.3 ndiyo kabisa.

Muuzaji hashtuki, maana jambo hili analijua. Anaitwa fundi kutoka soko la Kisekka. Anafungua dashibodi, anachomoa waya wa antena, anachomeka kisanduku kinachoenea kiganjani, anakitafutia umeme, anarudisha redio mahali pake. Simba inasikika. Ila kioo cha redio kinaonyesha 83.3. Mnunuzi akiuliza ni kwa nini, anajibiwa kwa neno moja: ekspanda.

Neno hilo linatumika pia Nairobi na Dar es Salaam, na kila anayelisikia huelewa kwamba kuna kitu kimepanuliwa. Hakuna kilichopanuliwa. Kifaa hiki kiliuzwa kwa jina lisilosema kinachofanya, na mkanganyiko mwingi wa wenye magari kuhusu sauti mbaya ya redio zao unaanzia hapo.

Chanzo cha yote ni jinsi Japani ilivyogawa mawimbi yake. Sehemu kubwa ya dunia, Uganda ikiwamo, ilitenga megahezi 87.5 hadi 108 kwa redio za FM. Japani ilitenga 76 hadi 90, kwa sababu kutoka 90 hadi 108 palikuwa pamekaliwa na televisheni: chaneli ya 1, ya 2 na ya 3, kila moja ikichukua megahezi 6. Televisheni ya analojia ilizimwa huko Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko na tsunami ya Machi mwaka huo, ambayo ilisubiri hadi Machi 2012. Desemba 2014 sehemu ya eneo lililoachwa wazi, 90 hadi 95, ikaanza kutumiwa na redio. Gari lenye redio inayokoma kwenye 95 hufika Kampala likiwa na uwezo wa kushika Capital na KFM ya 93.3. Simba bado iko mbali.

Upande wa Uganda, mambo yalikwenda kwa kasi yake. Sanyu FM na Capital Radio zilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 1993, baada ya miaka mingi ambapo Radio Uganda ilikuwa peke yake hewani. CBS ya ufalme wa Buganda ilifuata 1996, ikisikika kutoka Bulange, Mengo, kwenye 88.8 na baadaye 89.2 pia. Vituo vikazidi kujaa kuelekea 108, na barabara zikazidi kujaa magari ambayo redio zake zilikoma kwenye 90. Kifaa cha kuziba pengo hilo kilikuwa lazima kipatikane.

Sasa, kinafanya nini hasa?

Ndani ya kisanduku mna saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, tuseme la megahezi 14. Wimbi hilo huchanganywa na lile lililoingia kwa antena, na katika mchanganyiko huo huzaliwa mawimbi mapya: moja la jumla ya namba hizo mbili, jingine la tofauti yake. Redio hupewa la tofauti. Simba huingia ikiwa 97.3, hutolewa 14, hutoka 83.3. Capital huwa 77.3. KFM huwa 79.3. BBC huwa 87.3. Hesabu hii si ya uchochoroni. Ilibuniwa na Reginald Fessenden wa Kanada mwanzoni mwa karne ya 20, na Edwin Armstrong wa Marekani akaijengea redio nzima mwaka 1918. Ni huyo huyo Armstrong aliyekuja kuibuni FM yenyewe katika miaka ya 1930. Redio ya gari nayo, kabla haijatoa sauti, hushusha kila kituo kwa njia hiyo hiyo hadi megahezi 10.7. Ekspanda hushusha mara moja zaidi, kabla ya hapo.

Chukua penseli. Dirisha la redio ya Kijapani lina upana wa megahezi 14, kutoka 76 hadi 90. Bendi ya FM ya Uganda, 87.5 hadi 108, ina upana wa 20.5. Ukishusha kwa 14, unaona vituo vya 90 hadi 104, na vyote vya juu ya hapo vinabaki nje. Ukichagua kisanduku cha 18, unaona 94 hadi 108, lakini Capital inaangukia 73.3, mahali ambapo redio haifiki, na KFM inaifuata. Upana wa dirisha haukubadilika hata kidogo. Mandhari ndiyo iliyosogezwa mbele yake.

Kwa hiyo kutafsiri jina la kigeni neno kwa neno na kusema "kipanuzi cha bendi" ni kulihamisha kosa kutoka lugha moja hadi nyingine. Kiswahili kina mtindo wake wa kuunda majina ya vifaa: kiambishi ki-, kitenzi, kisha kile kinachotendwa. Kipima joto hupima joto, kinasa sauti hunasa sauti, kizima moto huzima moto. Mtindo huu una faida kubwa ambayo waunda istilahi wengi huipuuza: unamlazimisha mtu ajue kwanza kifaa kinafanya nini. Kinachofanywa hapa ni kushusha, na kinachoshushwa ni masafa. Jina ni kishusha masafa, kwa wingi vishusha masafa.

Kuna atakayelikataa neno "masafa", na pingamizi lake si la kubezwa. Masafa kwa asili ni umbali baina ya mahali na mahali. Liliingia redioni kupitia "masafa mafupi" na "masafa ya kati", ambako lilihusu urefu wa wimbi. Leo watangazaji husema "masafa ya 93.3" wakimaanisha idadi ya mitetemo kwa sekunde, jambo linalokwenda kinyume na urefu: mitetemo ikizidi, wimbi hufupika. Walimu wa fizikia wanaosema "marudio" wana hoja nzuri. Hata hivyo, msikilizaji wa kawaida akisikia "masafa ya 93.3" huelewa papo hapo kwamba anaambiwa azungushe kitufe hadi namba hiyo, na neno lililokwisha kukaa masikioni mwa mamilioni lina haki yake. "Kishusha marudio" lingehitaji maelezo kila mara. "Kihamisha masafa" lingefaa pia. Ila kuhamisha kunaweza kuwa kokote, na kisanduku hiki hupeleka chini tu.

Jina sahihi lina faida hata kwa mwenye gari anayelalamika kuhusu sauti. Anayeamini kwamba bendi imepanuliwa hudhani mkwaruzo anaousikia unatokana na spika, na huenda Kisekka au Ndeeba kununua nyingine. Anayejua kwamba masafa yameshushwa huuliza swali jingine: kilichoshushwa kimeangukia wapi? Kwa kisanduku cha 14, kituo chochote cha 102.8 kitaangukia 88.8. Hapo ndipo CBS ilipo, na mtambo wenye nguvu ulio jirani huvuja hadi ndani ya redio bila kupitia popote. Vituo viwili vinagombea kiti kimoja. Hakuna spika duniani inayoweza kuvitenganisha.

Zaidi ya hapo, saketi ya bei nafuu huongeza kelele zake. FM inapochoka au kuchafuka, redio nyingi za magari huacha polepole kutenganisha kushoto na kulia, sauti ikawa moja, bapa, kama inayotoka nyuma ya pazia. Mwenye gari husema redio "imeziba". Akiweka muziki kutoka kwenye simu au flashi na ukasikika safi, basi spika hazina hatia.

Tiba ya kweli ni kuitoa redio ya Kijapani na kuweka inayoshika 87.5 hadi 108 bila msaada. Mafundi wa Kampala huifanya kazi hii kila siku, na wengi huifanya vizuri. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Nafasi ya dashibodi katika Toyota nyingi ina upana wa milimita 200, ilhali redio nyingine nyingi zina takribani 180, na pengo hilo huzibwa kwa vipande vya pembeni. La pili ndilo huwaponyoka wengi: magari mengi ya Kijapani yana antena iliyochorwa ndani ya kioo, ikisaidiwa na kikuza mawimbi kidogo ambacho hupata umeme kutoka kwenye redio. Redio mpya ikifungwa bila waya huo kuunganishwa, usikivu huwa mbaya kuliko ulivyokuwa na kisanduku. Lawama humwangukia mtengenezaji wa redio, na kosa ni waya mmoja.

Baada ya hapo ndipo spika ziguswe, kwa kiasi. Maandishi ya "wati 50 mara 4" kwenye uso wa redio yasimdanganye mtu. Umeme wa gari ni volti 14 na nukta, spika nyingi ni za omu 4, na kwa hesabu hiyo redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kutoa sauti safi inayofika hata wati 30 kwa kila spika. Spika nzuri za milango ya mbele, zikifungwa kwenye bati lisilotikisika, zitamtosha dereva wa kawaida anayekaa kwenye foleni ya Barabara ya Jinja akisikiliza habari.

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha inayotaka kufundishwa darasani katika Chuo Kikuu cha Makerere haiwezi kukosa neno mbele ya dashibodi iliyofunguliwa Kisekka, kwa sababu huko ndiko fizikia inakoshikwa kwa mikono. Vishusha masafa navyo bado vitakuwapo kwa muda. Sheria iliyoanza kutumika 2018 inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, hivyo redio zinazokoma kwenye 90 zitapungua bandarini, lakini magari yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutembea.

Kwa hiyo wauzaji wa bondi na mafundi wanaombwa jambo dogo. Wanapofunga kisanduku hiki, wabandike karatasi kwenye dashibodi yenye maneno matatu na namba: "Kishusha masafa, megahezi 14", au yoyote iliyoandikwa juu yake. Hesabu ya kutoa mwenye gari ataifanya mwenyewe.