Noti za mfululizo (Kongo)

Noti za mfululizo ni noti za toleo moja ambazo namba zake zinafuatana bila kuruka. Kila noti hupimwa peke yake kwa daraja la 1 hadi 70. Ambayo haijatumika huanzia 60. Mkunjo, doa, tundu na kingo zilizochakaa hushusha daraja. Bei hutegemea uchache wa toleo, hali ya karatasi na mfululizo usiokatika. Nchini Kongo, faranga ilichukua nafasi ya zaire mpya mwaka 1998: faranga 1 kwa zaire mpya 100,000. Noti za zaire za miaka ya 1990 bado huuzwa kwa mabunda, hivyo mfululizo pekee hauziongezei thamani kubwa.