Kuku Walilala Jikoni

Kukhu aligonga mlango wa simba yangu, kile kibanda cha kijana kilicho nyuma ya boma, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. "Njoo uone nyumba yako," akasema.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kuku. Aliiita yangu kwa sababu niliijenga mimi, kwa mishahara yangu ya kwanza Nairobi: mbao, mabati mapya, ule waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita, na kufuli ya kutisha. Ndani kulikuwa na kuku 9 waliokufa. Wawili hawakuwa na vichwa, mmoja alikuwa ameliwa kifua, na waliobaki walikuwa na alama za meno shingoni tu. Damu kidogo, manyoya mengi. Kufuli ilikuwa imefungwa vizuri sana.

Mimi nikasema mbwa. Kukhu akaniangalia kama mtu aliyeniletea ada bure. Mbwa huchimba, akasema, na hapa chini hakuna shimo. Mwizi wa Disemba huondoka na kuku wote na haachi hata unyoya. Nguchiro hupenda kuja mchana, na mayai ndiyo humvuta. Mwewe hushuka mchana na kubeba kifaranga. Nyoka angemeza mayai asijali kuku mkubwa. Panya humvuta kifaranga shimoni. Siafu wangebakisha mifupa. Akaonyesha kona ya juu, chini ya bati, ambapo waya ulikuwa umeachana na mbao kwa upana wa ngumi. "Kanu," akasema. Mnyama, si chama. Ingawa alicheka mwenyewe, maana chama cha KANU ndicho kilikuwa na alama ya jogoo, na yeye alikipigia kura miaka mingi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kabla sijajenga, kuku wake hawakuwa wakiliwa usiku. Walilala jikoni, kama walivyolala kwa mama yake. Jioni waliingia wenyewe, wakapanda karibu na kuni, mlango ukafungwa, na yeye akalala hatua chache kutoka hapo. Mimi niliona aibu. Nilikuwa na wageni wa kutoka Nairobi na sikutaka waone kinyesi cha kuku karibu na sufuria.

Aibu hiyo haikuanza na mimi. Wamisheni wa Quaker walifika Kaimosi mwaka wa 1902, kusini mwa msitu wetu, na pamoja na Biblia kukaja wazo la nyumba ya Kikristo: kuta za pembe nne, vyumba, mifugo nje. Mwaka wa 1976 serikali, ikisaidiwa na Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuku, na wakulima wakawa wanabadilisha majogoo wao wa kienyeji na wa damu ya kigeni. Mafunzo ya ufugaji nayo yakasisitiza kuku wawe na nyumba yao. Hawakukosea kuhusu afya. Moshi, viroboto na mavi ya kuku havifai kukaa na mtu anayekohoa. Lakini jikoni lilikuwa pia na ulinzi: mlango, binadamu, moto. Ukiwatoa kuku pale, ulinzi lazima uende nao. Mimi nilihamisha kuku, nikabakisha ulinzi jikoni.

Halafu kuna msitu. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka wa 1931, wachimbaji wa Kizungu walimiminika, na mwaka uliofuata sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa ili kuwarahisishia kazi. Mwaka wa 1933 msitu wenyewe ukatangazwa hifadhi. Mwaka wa 1985 sehemu ya kaskazini, kule Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa. Mipaka hiyo imeandikwa kwa ajili ya watu. Kanu anavuka usiku, anakula, anarudi nyumbani kwake palipolindwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja fidia kwa hasara ya simba, chui na fisi. Kuku wa nyanya yako na kanu ni shauri lenu wenyewe.

Jirani alinishauri nitie sumu kwenye yai. Nilikataa, na hapo angalau sikukosea. Furadan ilitiwa kwenye mizoga ikaua simba, mpaka mtengenezaji akaiondoa Kenya mwaka wa 2009. Bunyala ilitumika kutegea ndege ambao watu walikula. Sumu haichagui.

Tulirudia kazi. Tuliacha ule waya mwembamba, kwani unazuia kuku kutoka tu, tukanunua wa chuma uliochomelewa, wenye matundu madogo ambayo kidole changu hakipiti. Tukaufunga hadi chini ya bati, na mwingine tukaufukia kuzunguka msingi. Tukakata tawi la mparachichi lililoning'inia juu ya paa, kwa sababu kanu alikuja kwa barabara hiyo. Kukhu anamwaga majivu kuzunguka msingi siafu wakianza kutembea. Vifaranga wanashinda chini ya tenga mpaka wakue.

Kuku wakubwa wamerudi nje. Lakini jogoo na yule mwenye mayai bado wanalala jikoni, na nikija na wageni Kukhu hawahamishi.