Épagneul Breton: imbwa wa kuwinda kutoka Ufaransa

Imbwa huyu alitokea Bretagne, mangaribi ya Ufaransa. Shirika la kumulinda liliundwa Loudéac mwaka wa 1907. Ni mufupi: dume ana sentimetre 48 hadi 51 mabegani. Wengine wanazaliwa bila mukia. Akisikia harufu ya kwale, anasimama kimya mupaka muwindaji afike.

Kumutunza kunaomba wakati. Kila siku akimbie sana. Ukimufungia tu mu lupango, ataanza kuharibu vitu. Manyoya umuchanulie kila juma. Masikio yake yananing'inia, hewa haiingii vizuri: akitoka mu majani ao mu maji, uyaangalie na kuyapangusa. Yakianza kunuka, usingojee, umupeleke kwa daktari wa wanyama, juu ugonjwa ukifika ndani anaweza kuwa kiziwi.